Foleni Nje ya Lango la Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na kila nyumba na lango, na kila lango na mkubwa wa kulifunga, alikuwapo Sange. Mnamjua Sange, wanangu? Yule mdogo kuliko ngumi, mwenye pua ndefu inayochezacheza, utadhani kaiazima kwa tembo.

Sange alikuwa mpishi kwa Bwana Nyati. Mpishi, hilo lilikuwa jina la kazi tu. Maji alichota yeye. Uwanja alifagia yeye. Nyati akijilaza mchana, yeye ndiye aliyepanda mgongoni kumtoa kupe. Jioni alipenya tobo la nyuma ya jiko, mbio mpaka shimoni kwake, mdomoni kabeba kifurushi cha ugali kwa wanawe wawili na mama yake mzee.

Akithubutu kulalamika, Nyati aliinua kwato kuelekea langoni.

"Sikiliza!"

Na kweli, kila jioni nje ya lango kulikuwa na vishindo. Pu! Pu! Pu! Miguu hiyo. Koho! Koho! Vikohozi hivyo. Chakacha, chakacha, kama watu wanaosukumana.

"Unasikia? Foleni hiyo! Wote wanaitaka kazi yako. Na usipite huko, wana njaa hao. Wakimwona mwenye kazi watamrarua."

Sange alinywea. Kila jioni alinywea, akarudi kwenye chungu chake.

Siku moja Nyati akasema huku anacheua, "Mwezi ukiandama, utahamia hapa. Nataka uji kabla jogoo hajawika."

"Na wanangu, Bwana?"

"Kwani nimewazaa mimi?"

Mwezi ulibakiza siku tatu kuandama.

Shimoni, mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, wajukuu wamemlalia miguuni, miguu ambayo haikuwa imetembea tangu masika.

"Usiache kazi hujapata nyingine, mwanangu. Hawa watakula nini?"

"Na hiyo nyingine nitaitafuta saa ngapi, mama? Naingia jua halijatoka, natoka limezama. Nimtume nani akanitafutie?"

"Basi hamia kwake. Mimi nitawaangalia."

"Utawaangalia, sawa. Chakula atawaletea nani?"

Sange akaanza kupiga hesabu. Akiacha kazi, wanakosa ugali. Akihamia, wanakosa ugali na mama. Aligeuza huku, akageuza kule, hesabu ikagoma.

Kesho yake jioni akapakua kama kawaida. Nyumba ile ilikuwa na sahani moja ya ziada, maboga na karanga, ya kusukumwa chini ya ua wa miiba. "Ya msafiri," Nyati alikuwa akisema. "Nyumba ya heshima humwekea msafiri." Sange akaisukuma, na safari hii pua yake ikapita katikati ya miiba.

Fu, fu, fu.

Alitarajia kunusa swala, nungunungu, ngedere, kundi zima. Akanusa tope na mizizi. Basi! Harufu moja tu, ya Ngiri, swahiba wa Nyati.

Pu! Pu! Koho! Kisha vishindo vikakatika. Kafu, kafu, kafu, mtu anatafuna. Akamaliza. Pu! Pu! Koho! Vikaanza upya.

"He!" Sange akasema moyoni. "Foleni nzima inakula sahani moja? Na wote wanatafuna kwa mdomo mmoja? Kumbe miaka yote hii nampikia chakula anayenitisha!"

Hasira zikampanda mpaka masikioni. Halafu hofu ikaja nyuma yake. Je, kama pua imekosea? Siku mbili hizi alikuwa na mafua. Je, kama wengine wamesimama upande upepo unakokwenda?

Nchi ile, wanangu, ilikuwa na desturi yake. Mwiko wa kupikia wa nyumba haulazwi chini. Mpishi anayeondoka anaukabidhi mkononi kwa anayeingia, jirani akishuhudia. Na aliyeupokea ndiye mpishi, hauachii mpaka apatikane mwingine.

Siku ya mwezi kuandama, Bi Kanga wa nyumba ya pili akaja kuomba kaa la moto. Sange akamshika bawa.

"Shoga, ngoja kidogo. Nataka shahidi."

"Shahidi wa nini tena? Kakakaka! Sema upesi, mboga zangu mbichi!"

Nje, pu! pu! pu! Sange akashika mwiko. Akauinua kwa mikono miwili.

"Bwana Nyati, naacha kazi. Mwite wa kwanza kwenye foleni nimkabidhi."

Nyati akasahau kucheua. "Sasa hivi? Aah, wamechoka hao. Kesho."

"Wamechoka? Si hao wanapiga miguu?"

Nje kukawa kimya.

"Mbona wamenyamaza?" Bi Kanga akauliza. "Au hakuna mtu? Mtaa mzima unajua una foleni, Bwana Nyati! Kakaka!"

Nyati alimtazama Bi Kanga, akaujua mdomo wa Bi Kanga, akaona aibu inavyokwenda nyumba kwa nyumba. Akasukuma lango. Kwiiiii!

Pale vumbini, amepiga magoti, alikuwa Ngiri. Mkono huu kibuyu cha kokoto, mkono huu boga. Nyuma yake njia tupu mpaka kilimani.

"Mmoja?" Bi Kanga akasema. "Foleni ya mmoja?"

"Mi-mimi ndiye wa kwanza!" Ngiri akasema haraka, kumsitiri swahiba wake.

Paa! Mwiko ukatua mkononi mwake kabla hajameza boga.

"Hongera," Sange akasema. "Kupe wako wengi upande wa kushoto. Na hao wengine waambie nafasi imejaa."

Akatoka langoni, mara ya kwanza maishani. Msidhani alitoka anacheka. Njia nzima aliwaza wanawe watakula nini. Siku tatu walikula mizizi, na mama akawa anamtazama tu. Siku ya nne akabisha kwa Bi Nungunungu.

"Mpishi? Natafuta mpishi tangu masika! Ila, mwenzangu, mimi nakula mchana tu. Jioni ukiwa hapa, unafanya nini?"

"Sitakuwa hapa," Sange akajibu upesi.

Na kule kwa Nyati, Bi Kanga alisikia kwa masikio yake, uji uliungua. Nyati akainua kwato, akanguruma, "Sikiliza! Nje kuna foleni!"

Ngiri, magoti chini, anapuliza moto, machozi ya moshi yakimtiririka, akajibu, "Swahiba, foleni si ndiyo mimi huku?"

Anayekutisha kwa foleni, mwambie kwanza afungue lango.