Sisimizi wa Chupani

"Sisimizi wa chupani hatabiri mvua."

Ndivyo Bibi Foibe alivyomjibu mjukuu wake Elikana, huku akiendelea kubangua karanga kana kwamba hajasema neno. Elikana alikuwa amekuja mbio kutoka shuleni kutamba kwamba uchaguzi wa kiranja mkuu ameshaushinda kabla haujafanyika, maana marafiki zake wote wamemhakikishia. Marafiki wenyewe ni wale wanne anaowanunulia mihogo ya kukaanga kila mapumziko.

"Bibi, sisimizi wameingiaje hapa?" aliuliza. Dada yake Tabitha akacheka, ingawa naye hakujua.

"Kaeni chini, na mikono isikae bure, karanga ni hizo," alisema Bibi. "Maneno haya hayakuokotwa njiani. Yalimtoka mtu mzima kwa uchungu. Chanzo chake ni hiki."

Zamani, huku kwetu Ugogo, palikuwa na mwanamke aitwaye Sechelela, mke wa Chilongani. Binti yao Lea alikuwa ameshaolewa mbali, wakabaki wawili katika tembe lao, nyumba ile ya paa bapa la udongo, isiyo na madirisha, ambamo adhuhuri huonekana kama magharibi. Chilongani hakuwa mganga wala mtemi. Alikuwa mkulima wa uwele kama wenzake, ila alikuwa mwangalifu wa mambo madogo. Miaka miwili mfululizo aliwaona sisimizi wa porini wakihamisha mayai yao kutoka mashimoni na kupanda nayo vichuguuni, akawaambia watu wapande, na mvua ikanyesha kabla ya siku tatu kwisha. Kijiji kizima kikamwamini. Msicheke. Katika nchi ambayo mvua huja bila hodi na kuondoka bila kuaga, anayejua siku ya kupanda ana heshima kuliko mwenye ng'ombe mia.

Lakini sifa hulevya. Mwaka wa tatu Chilongani akaona kuzunguka porini kila asubuhi kutafuta sisimizi ni kazi ya wasio na akili. Akachimba kiota, akampata malkia mwenye tumbo kubwa, akamchukua pamoja na jamaa zake, mayai yao na udongo wao. Akawatia katika chupa pana ya kioo, ya zile za peremende, aliyopewa bure na mwenye duka kwa kuwa ilikuwa na ufa mwembamba chini, ufa usiopitisha hata mguu wa sisimizi. Akaweka jiwe katikati ya beseni, akatia maji kidogo kuzunguka jiwe ili wafungwa wake wasitoroke, na juu ya jiwe akaisimamisha chupa. Kisha akaifunika kitambaa cheusi.

"Mwenye habari nimemleta nyumbani, Mama Lea," alimwambia mkewe. "Kwa nini nimfuate porini?"

Akawapenda wale wadudu, mwenzenu, hadi ikawa aibu. Aliwapa matone ya asali, mapaja ya panzi na makombo ya ugali. Kila asubuhi alifunua kitambaa akawasalimu kabla hajamsalimu mkewe. Sechelela alikuwa akimtania, "Mimi nakunywa uji mtupu, mke mwenzangu wa chupani analamba asali!" Lakini kusema kweli naye alikuwa akiinama pale mara kwa mara, akitazama vijia walivyovichimba udongoni, kandokando ya kioo, na muda ukampita.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu na kikali. Vitoto vya mbuzi vilikuwa vikilala ndani ya tembe, kama ilivyo desturi, navyo kwa kiu vilianza kutumbukiza midomo katika mtungi wa maji ya kunywa. Sechelela akachoka kuvifukuza. Siku moja akaunyanyua mtungi akauweka kwenye uchaga wa juu, na chupa ilikuwa kwenye uchaga wa chini. Hakumwambia mtu. Nani humwambia mumewe kwamba amehamisha mtungi?

Baada ya siku mbili, asubuhi, Chilongani alifunua kitambaa akapiga ukelele. Sisimizi wote walikuwa mbioni, kila mmoja na yai lake kinywani, wakitoka chini ya chupa kwenda juu, wakipandana migongoni.

"Na beseni hili sijaliongeza maji wiki nzima, wala halikauki!" alisema akitetemeka kwa furaha. "Hata hewa imejaa maji. Mvua hiyo, Mama Lea! Mvua hiyo!"

Alitoka akipaza sauti nyumba hadi nyumba. Kabla ya jua kuzama, mbegu ya kijiji kizima ilikuwa ardhini, katika vumbi kavu. Hakuna aliyebakiza akiba, maana kiangazi kile kirefu kilikuwa kimekwisha kula akiba zote. Ambaye hakupanda ni mmoja tu, mjane jirani aitwaye Mama Nyemo, ambaye alikuwa ameungua mguu kwa uji wa moto na hakuweza kusimama shambani. Kibuyu chake cha mbegu kikabaki kinaning'inia.

Siku tatu zikapita. Wiki ikapita. Wiki ya pili ikaja na anga jeupe, halina hata wingu la kumdanganya mtoto. Kware wakashuka mashambani kwa makundi. Panya wakafuata, kisha mchwa. Asubuhi moja Sechelela akipita njiani alimwona Mazoya, mtu mzima mwenye wajukuu, amepiga magoti shambani kwake akipepeta udongo kwa ungo, akitafuta mbegu zake punje kwa punje. Sechelela alishtuka, akageuza uso. Hakupata kuona jambo kama lile tangu azaliwe.

Chilongani hakutikisika. "Sisimizi bado wako juu na mayai yao," aliwaambia watu. "Hawajashuka. Mvua imechelewa tu, haijaghairi." Na kwa kuwa mguu wa Mama Nyemo ulikuwa umepata nafuu, akaenda kumhimiza naye apande, asije akaachwa nyuma.

Asubuhi ambayo Mama Nyemo alikwenda shambani na kibuyu chake, Chilongani alikwenda naye kumpa moyo. Sechelela alibaki nyumbani. Alipotaka kuchota maji ya kupikia uji, alikuta mtungi umepungua vidole vinne, na jioni iliyopita aliujaza mwenyewe hadi shingoni. Akawaza mbuzi. Lakini mbuzi gani hupanda uchaga wa juu? Akaunyanyua mtungi kuuangalia chini. Tone moja likamdondokea mkononi. Akangoja. Likaja la pili, likampita mkono, likaanguka gizani, naye akasikia sauti yake likitua kwenye maji.

Alichukua kijinga cha moto akainama. Beseni, ambalo Chilongani hakulitazama tena kwa kuwa macho yake yalikuwa kwa sisimizi tu, lilikuwa limejaa. Jiwe halikuonekana tena. Maji yalikuwa yameupita ufa wa chupa na udongo wote wa chini ulikuwa tope jeusi. Juu kabisa, penye ukavu wa vidole viwili, sisimizi walikuwa wamesongamana wakiwa wameshikilia mayai yao. Hawakuwa wakingoja mvua. Walikuwa wakikimbia kuzama.

Sechelela alisimama pale hadi kijinga kikamuunguza mkono, wala hakukiachia upesi. Mvua ya kijiji kizima ilikuwa mtungi wake. Mazoya na ungo wake, watoto wa Mazoya, kila nyumba aliyoijua, wote walikuwa wamepanda kwa sababu ya ufa wa mtungi ambao yeye aliuweka pale kwa mikono yake. Akawaza kuuondoa mtungi, kumwaga beseni na kunyamaza. Nani angejua? Aliwaza hivyo, na mimi simlaumu. Hofu huwaza mambo mengi.

Kisha akakumbuka Mama Nyemo yuko shambani.

Aliubeba mtungi kichwani na maji yake, akakimbia. Njia nzima ulimdondokea begani. Alipofika, Mama Nyemo alikuwa amemaliza mistari mitatu na ameinama kuanza wa nne. Chilongani alikuwa kando, na Mazoya na majirani wengine walikuwa wamekuja kutazama mbegu ya mwisho ya kijiji ikiingia ardhini.

"Mama Nyemo, simama! Usidondoshe hata punje moja!"

"Mama Lea, kuna nini?" aliuliza Chilongani. "Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu." Aliushusha mtungi akaushikilia juu ya vumbi. "Tazameni."

Tone likaanguka. Vumbi likalinywa. Likaanguka la pili.

"Mtungi unavuja," alisema Chilongani. "Ndilo lililokuleta mbio hivyo?"

"Ulikuwa juu ya chupa yako, Baba Lea. Niliuhamisha mimi, siku mbili kabla hujawaona wakihama. Beseni limejaa, maji yameingia kwa ule ufa. Wamepanda juu wasife maji."

Chilongani alimtazama mkewe, akautazama mtungi. "Na mvua?" aliuliza mwishowe, kama mtoto.

"Haikuwapo. Haijapata kuwapo."

Mazoya aliketi chini palepale alipokuwa. Mama Nyemo alikikumbatia kibuyu chake kwa mikono miwili.

"Mbegu ya nyumba zote hizi," alisema polepole, "kwa maji ya mtungi? Wewe, Sechelela, umelijua hili lini?"

"Sasa hivi. Hata uji sijapika."

"Ungenyamaza, hakuna ambaye angejua."

"Ungepanda," alisema Sechelela, akaanza kulia.

Mama Nyemo aliufunga mdomo wa kibuyu, akachechemea kurudi nyumbani. Chilongani alibaki shambani hadi jua likamchoma.

Zilipita siku kumi na tisa. Asubuhi ya siku ya ishirini Mama Nyemo aliwaona sisimizi kwenye nguzo ya mlango wake, wa nje, wasiolishwa na mtu, wanapanda na mayai yao. Hakutangaza mvua. Alikiteremsha kibuyu akapita nyumba hadi nyumba, kila nyumba akaigawia makonzi mawili ya mbegu. Wengine walimwambia airuke nyumba ya Chilongani. Aliwasikiliza, kisha akaenda kwa Sechelela akampimia makonzi mawili kama wenzake. "Hii uliiokoa wewe," alimwambia.

Alasiri mvua ikashuka kwa kishindo, hadi paa la tembe likatikisika. Chilongani alikuwa ameketi ndani mbele ya chupa yake, sasa imekauka, jiwe lake linaonekana, beseni lina maji kidogo kama zamani. Aliinua kitambaa. Nje radi zilikuwa zikipasua mbingu na vijito vikipita mlangoni. Ndani ya chupa mayai yalikuwa yamelala chini kabisa, na sisimizi walikuwa wakilamba asali. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Chilongani aliwatazama sana, machozi yakimtoka. Kisha akamwambia mkewe maneno yale niliyomwambia Elikana, na mvua ilipokatika akaibeba chupa akaenda kuimwaga kwenye kichuguu.

Bibi Foibe alipuliza maganda ya karanga kutoka kwenye ungo. Elikana alikuwa amesahau kubangua.

"Bibi," alisema, "kwa hiyo mimi sijashinda?"

"Sijui. Usiniulize mimi, nakupenda mno, nami nimo katika chupa yako. Kawaulize wasiokula mihogo yako."

Elikana aliinamisha kichwa.

"Sisimizi wa chupani hatabiri mvua," alisema Tabitha polepole, na safari hii hakucheka.