Ramu Mbovu ya Bi Zuhura

"Afutaye kabla ya kusoma huona ubao safi." Mmeisikia leo hapa karakanani mkadhani ni ya walimu wa shule. Sivyo, wanangu. Methali hii ilianzia Tanga, kwa mafundi wa kompyuta, na chanzo chake ni hiki.

Hoza alikuwa mwandishi wa programu, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa kujisifu. Aliandika kiraka cha kiendeshi, yaani mistari inayotiwa ndani kabisa ya mfumo ili kompyuta ielewane na kidhibiti cha kumbukumbu. Kidhibiti hicho kikikuta herufi imeharibika kwenye ramu, kile kibao cha kumbukumbu, huandika kosa mahali padogo paitwapo rejesta. Kompyuta zenyewe zilikuwa za maabara, za kutunza orodha ya makundi ya damu ya wagonjwa. Herufi moja ikigeuka, mgonjwa anaongezewa damu isiyomfaa.

Kiraka hakipiti mpaka mkaguzi atie jina lake chini. Mkaguzi alikuwa Bi Zuhura Shekiondo, na huyo haharakishwi na mtu.

"Dada, siku tisa za majaribio, makosa sifuri," Hoza alimwambia. "Hapo ni kutia jina tu. Kesho kompyuta zinapakiwa kwenda maabara."

"Sifuri nimeiona, mdogo wangu. Sijaona ilikotoka."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa ramu mbovu aliyoitunza miaka mingi kwa kazi hiyo. Haikuwahi kumaliza saa moja bila kosa. Wakaipachika, wakangoja saa nzima. Sifuri. Hoza akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni, maana ramu ile aliijua.

Bi Zuhura akaweka kidole kwenye kioo. "Soma mistari hii miwili."

Hoza akasoma. Kiraka chake kilikuwa kikifuta rejesta kwanza, ndipo kikiisoma. Aibu ikamshika.

"Kumbe siku zote tisa nilikuwa napima nini?"

"Hukupima, ulifagia. Afutaye kabla ya kusoma huona ubao safi."

Hoza akaupandisha mstari wa chini juu ya mwenzake. Kabla chai waliyojimiminia haijapoa, ramu ile ikatoa makosa kumi na saba, naye hakuwahi kufurahia makosa kiasi kile. Wakapima upya kompyuta zote za maabara. Ya nne ilikuwa na ramu mbovu, ikatolewa. Ndipo Bi Zuhura akatia jina.

Ramu ile ya mtoto wa meza sasa ninayo mimi, Hoza mwenyewe. Mkiniletea sifuri zenu, nitaipachika kwanza. Afutaye kabla ya kusoma huona ubao safi.