Eliwaza na Mto Ulionyamaza

"Mwenye kiu bondeni apande mlimani." Ndivyo alivyosema dereva wa trekta asubuhi hii alipowakuta mmeinama, mnajaza udongo kwenye viriba vya miche. Nanyi mkacheka. Mkaniuliza, "Bibi, mlimani kuna nini cha kumpa mwenye kiu, wakati maji yenyewe huteremka?" Endeleeni kujaza, mikono isisimame, masikio yanatosha kunisikiliza. Methali hii naijua ilikozaliwa, maana nilikuwa mkaza mwana katika nyumba ile. Ilianza hivi.

Kabla hamjazaliwa, mto wetu Mvumo ulikuwa ukitoka milima ya Vusheni na kuteremka hadi Nkwembe, huku bondeni tunakolima mpunga. Uliitwa Mvumo kwa ajili ya sauti yake. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama ya mtu anayesali polepole katika chumba cha pili. Mgeni aliyelala Nkwembe aliisikia siku ya kwanza, kesho yake akaisahau, na tangu hapo ikawa sehemu ya usingizi wake. Watoto wetu hawakuimbiwa sana. Mama aliufungua mlango kidogo tu, na mto ukambembelezea mwanawe.

Nkwembe palikuwa na kikundi kilichoitwa Walinzi wa Mvumo. Hakikuwa cha serikali wala cha biashara, na hakuna aliyelipwa. Kila nyumba ilitoa mtu wake. Walinzi waliwaondoa ng'ombe kingoni, walikataza kuoshea pikipiki mtoni, na walipanda matete palipobomoka. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Chediel, mtu mrefu, mwepesi wa hasira, ambaye mto ule aliupenda kama mzazi anavyompenda mtoto mgonjwa. Msaidizi wake alikuwa mama mkwe wangu, Eliwaza. Alikuwa mjane, na jaruba lake la mpunga lilikuwa zuri kuliko yote. Ukilitazama wakati wa kuchanua ungedhani mtu ametandika mkeka wa kijani akaenda kuita wageni.

Walinzi walijivunia kazi yao, na walikuwa na haki. Maji ya Nkwembe yalikuwa safi hata ukauona mchanga chini yake.

Halafu, alfajiri moja ya kiangazi, kijiji kizima kiliamka kabla ya jogoo. Hapakuwa na mbiu wala kilio. Tuliamshwa na kimya. Nilitoka nje nikiwa nimejifunga khanga, nikaona majirani nao wamesimama milangoni mwao, kila mmoja ameinamisha kichwa kidogo, kama watu wanaojaribu kukumbuka jina. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema jambo lile.

Mwishowe Eliwaza akasema, "Mto umenyamaza."

Tulikwenda mtoni. Mawe yalikuwa meupe, na katika dimbwi moja lililosalia kambare walikuwa wakipandiana migongoni. Mzee Chediel alishuka mpaka katikati ya mto, mahali ambapo siku zote maji yalimfika kifuani, akasimama pale na viatu vyake.

"Wa mlimani wameuziba," alisema. "Wametuona tunalala, wakauziba."

Hatukuwa tumewahi kuonana na watu wa Vusheni ila sokoni. Lakini mtu aliyenyang'anywa humwona mwizi upesi. Wanaume wakachukua mitaimbo na majembe ya kubomolea bwawa, tukaanza kupanda tukifuata njia ya mto mkavu. Mimi nilibeba viazi na maji ya njiani.

Kadiri tulivyopanda ndivyo ukungu ulivyotushukia. Ulikuwa mzito, mweupe, unalowesha kope. Nikaona mgongo wa aliye mbele yangu tu, na yeye akaona mgongo wa aliye mbele yake. Wanaume walioanza safari kwa makelele walianza kunong'ona, kisha wakanyamaza. Ni kazi ngumu kukasirika ndani ya ukungu, kwa kuwa humwoni wa kumkasirikia. Tulitafuta bwawa, tusilione. Tulitafuta mfereji wa kuiba maji, tusiuone. Njia ya mto iliendelea kupanda, ikawa nyembamba, ikawa ufa tu, hadi tukatokea kwenye shamba la tangawizi lililo wazi. Katikati ya shamba lile ameketi mwanamke mmoja mtu mzima, ndoo ubavuni, kata ya kibuyu mkononi. Mbele yake palikuwa na kishimo kidogo kama bakuli. Alikuwa akisubiri kishimo kijae, ateke kata moja, kisha asubiri tena.

Jina lake lilikuwa Nanzia, na shamba lile lilikuwa lake.

"Wewe mama," Mzee Chediel alisema, mtaimbo begani, "nani ameziba mto wetu?"

"Hamjambo, wageni," Nanzia alijibu. "Karibuni mkae. Tafadhali msisimame hapo, mnaukanyaga."

"Tunakanyaga nini?"

"Mto."

Watu wakatazama miguu yao. Nanzia akamwita Eliwaza kwa mkono, akamwonyesha alale aweke sikio chini. Eliwaza akalala pale kwenye tope, mwanamke mwenye heshima zake, macho kayafumba. Alikaa hivyo muda mrefu hata ukungu ukamfunika miguu.

"Unasikia nini?" Mzee Chediel aliuliza.

"Kama mtu anapumua," Eliwaza alisema.

"Bado upo," Nanzia alisema. "Haukuzibwa, baba. Umevuliwa nguo. Hapa palikuwa na mikuyu, na chini ya mikuyu hata mchana palikuwa na giza. Mume wangu alipofariki niliikata nikapanda tangawizi, kwa sababu watoto hawali kivuli. Na wenzangu wote wa huku juu walifanya vivyo hivyo. Sasa jua linaamka mapema kuliko ninyi, linakunywa la kwanza."

"Basi rudisha miti!"

"Nikirudisha miti nitakula nini? Sifa zenu tumezisikia, kwamba mnalinda mto vizuri. Lakini mnalinda mkia. Ng'ombe hafungwi kamba mkiani." Akateka kata yake, akaimimina ndooni polepole. "Na msidhani nimefurahi. Mimi nanywa hapa hapa. Nikija asubuhi, naondoka jua likiwa juu."

Mzee Chediel aliushusha mtaimbo begani. Alikuwa amepanda mlima kuja kuvunja kitu, na hapakuwa na kitu cha kuvunja. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza.

Eliwaza akaketi, tope shavuni. "Dada Nanzia, shamba lako ni lipi?"

"Ni hili tu."

"Nami nina jaruba. Kiangazi limekufa, lakini mpunga wa masika hautegemei chemchemi, mvua inautosha. Mwanangu na mkewe watalima. Watakachovuna, nusu yako. Nawe uniachie mahali hapa nipande mikuyu."

Nanzia alimtazama. "Na nani ataimwagilia kiangazi chote? Miche haijui kungoja."

"Nitakaa mimi."

"Eliwaza!" Mzee Chediel alisema. "Umlishe mtu aliyetukausha?"

"Hata yeye amekauka, Mzee. Humwoni?"

Mzee Chediel alitugeuza wote, tukateremka. Nilipotazama nyuma, ukungu ulikuwa umekwisha kuwafunika wale wanawake wawili, nikasikia tu maji yakimiminwa ndooni.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, kwa maana methali nyingine huzaliwa kwa hekima, na hii yetu ilizaliwa kwa kejeli. Tuliporudi Nkwembe watu waliuliza, mama mkwe wako yuko wapi? Mzee Chediel akajibu mbele ya duka, kwa sauti ya kusikika, "Ana kiu bondeni, kapanda mlimani!" Watu wakacheka kwa uchungu, kwa kuwa hawakuwa na kingine cha kuchekea. Neno likashika. Ukiweka chumvi kwenye chai uliambiwa wewe ni kama Eliwaza, una kiu bondeni umepanda mlimani. Wasichana waliruka kamba kwa maneno hayo. Mume wangu aliacha kupita mbele ya duka lile, akawa anazunguka nyuma ya kanisa.

Lakini alilima. Masika ilipokwisha tulivuna, tukagawa, nikapanda na gunia juu ya punda.

Nilimkuta Eliwaza amekonda. Yeye na Nanzia walikuwa wakilala nyumba moja na kula sahani moja. Ndugu yake Nanzia alikuwa ameleta mikaratusi ya bure, akisema inakua haraka, na Nanzia aliikataa. "Huo ni mti wa kunywa," alimwambia, "si mti wa kunywesha." Wakaokota mbegu za mkuyu kwenye vinyesi vya ndege na kuziotesha. Na miche waliyoipanda mwaka ule, karibu yote ilikauka. Jua lilikuwa kali, na kata moja moja haikutosha miche yote. Nilimkuta Eliwaza amelala kifudifudi katikati ya vijiti vikavu, sikio chini. Nilidhani amezirai.

"Mama!"

"Nyamaza kidogo," aliniambia. "Nasikiliza kama bado upo."

"Upo?"

Machozi yalimtoka, yakaingia ardhini palepale. Nanzia akaja na bakuli la uji, akaliweka karibu na kichwa chake, akaketi naye. Jioni ile Eliwaza aliamka, akanywa uji umepoa, akachukua jembe. Walianza upya.

Safari yangu iliyofuata, baada ya mavuno mengine, jirani wa Nanzia alinisubiri njiani. Alikuwa ameona gunia likipanda mlima kila masika, na hakuwahi kuona jambo la namna hiyo. "Na mimi nina kipande kando ya kijito," alisema. "Huko chini kuna mtu wa kunishika mkono nikikiacha?" Niliteremka na swali lake. Niliwaambia wanawake wenzangu wa Walinzi tukipepeta mpunga, na mmoja akasema, "Mwambie nipo." Hivyo tu. Kisha nyumba nyingine ya juu ikapata nyumba ya chini, na nyingine, mpaka watu wa Vusheni na wa Nkwembe wakawa wanazikana na kuozana, wakiitana ndugu wa maji. Hatimaye vikundi viwili vikakaa mkutano mmoja, na huo ndio Umoja wa Mvumo, ambao kitalu hiki mnachokifanyia kazi ni chake.

Mzee Chediel hakuhudhuria. Tangu mto unyamaze alikuwa hapati usingizi. Tulimwona alfajiri akitembea kingoni peke yake, akilinda mawe. Siku moja nilipokuwa juu, ukungu ulifunguka akatokea yeye, jembe begani, anahema. Eliwaza alikuwa amepiga magoti kando ya mche.

"Eliwaza," alisema, "nilikutukana mbele ya watu."

"Ulisemaje, Mzee?"

"Nilisema una kiu bondeni, umepanda mlimani."

Eliwaza alimtazama, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe iliyojaa udongo, na uso wake ukafunguka kwa kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka. "Lakini ni kweli," alisema. "Nimepanda. Tazama, nimepanda huu, na ule, na ule kule." Akamkabidhi mche wa mkuyu. "Chimba hapo, palipo na unyevu."

Mzee Chediel alisimama na mche mkononi, midomo inalirudia neno lile polepole. Halafu akachimba.

Mto haukurudi kwa kishindo. Kishimo cha Nanzia kilianza kujaa kabla hajaketi, kisha kikafurika, kisha hakikuwa kishimo tena. Maji yaliteremka kidogo kidogo, yakinywewa na mchanga, yakaongezeka, yakasogea. Hatujui yalifika Nkwembe saa ngapi. Tunachojua ni kwamba asubuhi moja ya kiangazi kijiji kizima kilichelewa kuamka. Jua lilikuwa limefika madirishani, mbuzi wanalia zizini, na watu bado wamelala fofofo, hata Mzee Chediel, ambaye mkewe alimwachia mlango wazi akakataza mtu yeyote kumwamsha.

Eliwaza hakurudi kuishi bondeni. Alisema amezoea baridi. Alizikwa Vusheni, na Nanzia akamfuata.

Lakini hamkuniuliza Eliwaza alizikwa wapi, mliniuliza maana ya methali. Basi, mwaka mmoja walikuja watu wa bonde la pili, wenye mto wao mwingine uliokuwa ukifa. Walikuja kwa lori, wamebeba mapanga na mitaimbo, macho mekundu. Walitaka Mzee Chediel, ambaye sasa alikuwa mzee kweli, awape vijana wa kwenda kupigana na watu wanaokaa juu yao.

Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwenye kiu bondeni apande mlimani."

"Ndiyo, Mzee!" kiongozi wao akaitikia. "Tunapanda leo leo!"

"Vema," Mzee Chediel alisema, akaingia ndani ya kitalu hiki. Alirudi amekumbatia tenga la miche ya mikuyu, akampa yule kiongozi. Mtu yule, ili alipokee, ilimbidi kwanza aweke panga lake chini. Akabaki amesimama, mikono yote miwili imejaa majani machanga, akiutazama mlima, akiitazama miche, akiutazama tena mlima.

"Apande," alisema taratibu, kama mtu anayeamka. "Mwenye kiu bondeni, apande mlimani."