Bibi Tusajigwe na Ndui ya Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na anayesinzia aamshwe na jirani yake.

Zama zile za kale, kabla barabara haijapanda milima yetu, palikuwa na kijiji kando ya mto. Upande huu wa mto waliishi Wabaptisti. Hawakuwa wengi. Kanisa lao lilikuwa la mianzi na udongo, paa la nyasi. Walibatiza mtoni, kwa maji mengi: mtu anazamishwa chubwi, anaibuka akitweta, watu wanaimba. Na neno lolote la kanisa waliliamua pamoja, kwa kuinua mikono. Mchungaji mkono mmoja, mkulima mkono mmoja, mjane mkono mmoja.

Ng'ambo ya mto waliishi watu wa Mwakibete. Hao hawakulipenda kanisa. Siku moja ya ubatizo Mwakibete aliwaswaga ng'ombe wake majini, upande wa juu maji yatokako, kwata kwata kwata. Maji yakachafuka. Waliobatizwa wakatoka na matope masikioni, na Mwakibete akacheka mpaka akakaa chini.

Basi, ndugu zangu, ndui ikaingia ng'ambo.

Ndui ya zamani hizo haikuwa mchezo. Iliingia nyumba yenye watu, ikaacha nyumba. Watu wa upande huu walitazama moshi. Leo jiko hili halifuki, kesho lile. Wakaogopa.

Mchungaji Anyosisye akawaita kanisani. Wakaomba, na wakaomba sana. Walipoinuka, mama mmoja akasema Mungu amemwambia moyoni kwamba waende wakawasaidie. Mzee mmoja, mtu wa kweli asiyejua uongo, akasema kwamba yeye Mungu amemwambia wakae, wawalinde watoto wao. Watu wakatazamana. Mungu mmoja, maneno mawili?

Wakapiga kura. Mikono ya kwenda ikainuka. Mikono ya kubaki ikainuka. Ikawa sawasawa. Wakahesabu tena. Sawasawa.

Aliyekuwa hajainua mkono ni mmoja tu, Bibi Tusajigwe. Huyu alikuwa shemasi wa kanisa, mkubwa kwa umri kuliko wote. Uso wake ulikuwa na vishimo vya ndui. Aliiugua akiwa msichana; ikamwacha yeye, ikawachukua ndugu zake wote. Kwa busara yake watu walimpelekea kesi za mipaka na za ndoa, naye akazimaliza. Sasa macho yote yakamwelekea.

"Bibi, Mungu anasema nini?" Mchungaji akamwuliza.

"Sijui."

Watu wakazidi kuchanganyikiwa. Kama bibi hajui, nani ajuaye?

"Nimeomba kama ninyi, baba," akasema, "na sikusikia kitu. Tuombe tena. Ila safari hii tunyamaze."

Kuomba kwa kunyamaza hawakukuzoea. Walipiga magoti, mmoja akakohoa, mwingine akakuna kichwa. Kimya. Kisha upepo ukavuka mto, vuuu, ukaleta sauti ya mtoto analia. Kila mtu aliisikia. Hakuna aliyefumbua macho.

Wakasikia fimbo ya bibi. Ko, ko, ko. Ikapita katikati yao, ikatoka mlangoni. Mchungaji akafumbua jicho moja. Maombi yamekwisha? Aseme amina? Hakujua. Akainuka, akamfuata bibi, na kanisa zima likamfuata yeye, bila amina.

Mtoni bibi akageuka. Akawaambia kwamba ndui haimrudii aliyekwisha kuiugua. Mwenye makovu avuke naye. Asiye nayo asiguse ng'ambo. Apike, aweke chakula juu ya jiwe la katikati ya mto, arudi.

Mwenye makovu mwingine alikuwa Gwamaka, mfua vyuma. Miaka yote alikaa benchi la nyuma peke yake, maana watu waliona kinyaa kuutazama uso wake. Sasa walimpisha njia, na hawakujua wamtazame au wasimtazame. Naye akainama mbele ya bibi. Alimbeba bibi mgongoni, akaingia majini.

"Na mimi?" Mchungaji akaita. "Mimi ndiye mchungaji, nibaki?"

"Wewe pika, baba."

Akapika. Uji wa kwanza uliungua, wa pili ukawa na mabonge. Watu walimwona kando ya moto, mwiko mkononi, akiomba na kukoroga, akikoroga na kuomba, wala hakujua lipi ni lipi.

Ng'ambo, bibi na Gwamaka wakaosha vidonda. Wakanywesha uji. Wakazika. Chimba, zika. Chimba, zika. Mwakibete mwenyewe walimkuta amelala sakafuni, na mabinti zake wawili pembeni. Mmoja alikufa mikononi mwa bibi. Mmoja akapona. Na baba yao akapona.

Alipoweza kuketi, Mwakibete alimwuliza bibi:

"Mungu wenu ndiye aliyekutuma?"

"Sijui, mwanangu. Tulimwuliza, akanyamaza. Ila tulisikia mtoto wako analia."

"Mtoto yupi?"

Bibi akaikumbuka ile sauti iliyoletwa na upepo. Hakujua. Aliyelia ni yule aliye hai, au ni yule aliyezikwa? Busara yake yote haikumpa jibu. Akamshika Mwakibete mkono, wakakaa hivyo, na wote wawili wakalia.

Ndui ikapita. Bibi akarudi mgongoni mwa Gwamaka. Jumapili wakamtaka ashuhudie jinsi Mungu alivyomwongoza. Akasimama, akafikiri, akasema, "Uji ulifika ungali moto. Asanteni." Akaketi. Watu wakangoja zaidi. Hakuna.

Mwezi ulipoandama, Mwakibete akavuka mto na binti yake. Kanisa likajaa furaha, wakadhani amekuja kubatizwa. Wapi. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Ndui imeingia kijiji cha juu," akasema. "Mimi sasa haitanishika. Nakwenda. Nauliza, nani atanipikia?"

Watu wakatazamana tena. Huyu si muumini. Hao wa juu hawawajui. Je, waombe kwanza? Wapige kura? Wakamgeukia mchungaji awaambie la kufanya. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nje wakasikia shoka: ka, ka, ka. Mchungaji Anyosisye alikuwa anachanja kuni.

Kama Mwakibete alibatizwa baadaye, wengine husema ndiyo, wengine hapana. Mimi sikuambiwa.

Ninyi mnaosikiliza, shikeni hili: ukimwomba Mungu akanyamaza, usidhani hakuna sauti. Sikiliza ng'ambo.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Anayeitaka aivushe.