Aliyepika Moshi

Hapo zamani, na si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya jana na juzi, jua lilisimama juu ya nchi ya Ugogo likakataa kuondoka. Mwaka wa kwanza watu wakasema litachoka. Mwaka wa pili wakasema mbona halichoki. Mwaka wa tatu hawakusema kitu, maana koo kavu halina porojo.

Mahindi yalikauka yakiwa na kimo cha goti. Watu wakaenda dukani. Mwenye duka, Bwana Kitwana, alikuwa amekalia gunia tupu akisikiliza redio.

"Unga unakuja lini?"

"Lori halikuja."

"Na lori la pili?"

"Halitakuja vilevile. Huko ng'ambo zinakotoka meli za ngano, ngano imekufa ikiwa na kimo cha kidole. Wanaolima mpunga, mashamba yao yamepasuka mtu anaingiza mguu. Waliokuwa wakilisha wenzao leo wanatafuta wa kuwalisha wao. Jua la safari hii halikuchagua, jamani. Nendeni mkachungulie darini kwenu."

Watu wakaenda kuchungulia. Zamani kila nyumba ilikuwa na mbegu ya mtama darini, juu ya mafiga. Lakini watu walishahamia kwenye mahindi, na ule mtama kidogo uliobaki waliupika mwaka wa pili. Kijiji kizima, mbegu ilikuwa imebaki nyumba moja tu.

Nyumba hiyo ilikuwa ya marehemu Bibi Mwendi, na ndani yake waliishi wakaza mwana wake watatu. Wa kwanza Sechelela, mke wa mtoto mkubwa, mwanamke wa neno moja. Wa pili Nyemo, mjane wa mtoto wa katikati, mama wa watoto wanne. Wa tatu Mwaja, bibi harusi wa juzi, mdomo mwingi, sauti kama filimbi. Waume wawili waliobaki hai walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali kutafuta majani.

Bibi Mwendi aliacha kilindo kimoja, kile chombo cha gome la mti chenye kifuniko, kimejaa mtama unaokomaa kwa siku sitini. Aliacha na maneno, mbele ya wifi yake, Shangazi Mbeleje: "Kilindo hiki na shamba la bondeni ni pacha, haviachani. Atakayeuvusha mtama huu mpaka limbuko, huyo ndiye atakayeshika vyote viwili."

Sechelela alikuwa na shamba la mumewe. Mwaja alikuwa na shamba la mumewe. Nyemo hakuwa na shamba. Lile alilolima na marehemu lilikuwa la kuazima, na mwenyewe alishatuma neno kwamba analitaka. Bila shamba la bondeni, Nyemo angefunga mizigo na watoto wanne, arudi kwa kaka zake, ambao wake zao hawakuwa na habari naye. Kwa hiyo alikitaka kilindo kile. Hakusema, kwa sababu alikuwa na kazi nyingi, lakini alikitaka.

Sasa sikilizeni.

Desturi ya nyumba hiyo ilikuwa hivi: kilindo kikishajazwa, mdomo wake huzibwa kwa samadi, na hakifunguliwi mpaka mvua ya kwanza ilowanishe paa. Sechelela, kwa kuwa ndiye mkubwa, akachukua ulinzi. Akahamishia mkeka wake chini ya kilindo, akalala hapo.

Akaja jirani na mbuzi. "Shika mbuzi, Sechelela, nipe kibaba kimoja."

"Hapana."

Akaja binamu na ng'ombe, amekonda lakini ng'ombe. "Shika ng'ombe, dada."

"Hapana."

Akaja kaka yake wa tumbo moja, mikono mitupu. "Sechelela, ni mimi."

"Nakuona kuwa ni wewe. Hapana."

Halafu ikaja njaa ya mtoto wake mwenyewe, Nyamizi, wa miaka minne.

"Mama, njaa."

"Lala."

"Mama, njaa."

"Lala, mwanangu."

Siku ya tatu Nyamizi hakusema njaa tena. Hapo ndipo Nyemo aliposhtuka. Mtoto anayelia ana nguvu ya kulia. Aliyenyamaza ndiye wa kukimbilia.

"Mama Nyamizi," akasema, "mtoto anazimika."

"Namwona."

"Kibaba kimoja tu."

"Mbegu si chakula. Leo nikipika kwa ajili ya wangu, kesho utapika kwa ajili ya wako, keshokutwa Mwaja atawapikia ndugu zake. Tutashiba siku nne, tufe mwaka mzima." Akachukua ndoo yake kwenda kupanga foleni ya maji kisimani. Aliondoka haraka bila kugeuka, kwa sababu angegeuka asingeondoka.

Nyemo akabaki na watoto watano wamelala sakafuni mchana kweupe. Mwaja alikuwa porini anachimba mizizi ya kutafuna mbichi. Nyemo hakuwaza sana. Akaburuta kinu, akakipanda, akakiteremsha kilindo, akabandua samadi, akaingiza mkono.

Mkono ukatoka na vumbi. Na vumbi lilikuwa likitembea!

Fukusi!

Akatazama juu, akatazama chini, akayaona mafiga. Yalikuwa baridi. Akaelewa papo hapo. Mbegu ya darini hulindwa na moshi wa kila siku, na nyumba ile haikuwa imewasha moto miezi miwili, maana ilikuwa haina cha kupika. Hakuna ugali, hakuna moto. Hakuna moto, hakuna moshi. Hakuna moshi, fukusi wamekaribishwa karamuni. Sechelela alikuwa akilinda mlango, na wezi walikuwa wamo ndani wanatafuna.

Basi Nyemo akachakarika! Akamwaga mtama wote kwenye ungo, akapepeta, akaanika juani, fukusi wakakimbia huku na huku kama watu waliosikia kodi inakuja. Akachekecha majivu, akachanganya. Mbegu zilizotobolewa akazitenga, zikajaa kikombe. Kikombe kwa watoto watano ni mzaha. Akaongeza vibaba viwili vya mbegu nzima, mbegu safi, mbegu ya kupanda. Akatwanga, akapika uji. Nyamizi akaanza, kijiko kwa kijiko. Kisha wake wanne, kwani wao matumbo yao yalikuwa ya mawe? Kisha akakiziba kilindo kwa samadi ya mbuzi aliyoikanda kwa maji yake ya kunywa, akakirudisha mahali pake.

Sechelela akarudi na robo ndoo. Akamkuta mwanawe amekaa anacheza na kijiko.

"Amekula nini?"

"Uji."

"Uji wa nini?"

"Mbegu za nyasi. Nilibomoa kichuguu cha mchwa, nikazikuta."

"Kichuguu gani?"

"Kile cha kule," akasema Nyemo, na mkono wake ukaonyesha kule ambako hakuna kichuguu.

Sechelela akatazama chungu. Kilikuwa kimelambwa kikang'aa. Akamkumbatia mtoto, hakuuliza tena.

Tangu siku ile Nyemo akawa anawasha moto asubuhi na jioni, kinyesi kikavu na majani ya mwarobaini, mafigani hakuna chungu. Moshi ukapanda darini. Majirani wakamcheka.

"Nyemo! Leo mboga gani?"

"Moshi."

"Na ugali?"

"Moshi vilevile. Karibuni, upo wa kutosha!"

"Maskini," wakasema, "njaa imemwingia kichwani. Anapika moshi."

Akapika moshi siku arobaini, watoto wakishikiliwa na mizizi ya Mwaja. Siku ya arobaini na moja, alasiri, mawingu yakaja mbio kutoka mashariki, na mvua ikashuka! Si manyunyu, mvua! Ikapiga paa, ikapiga migongo ya watu waliotoka nje wakiimba. Bwana Kitwana wa duka akavua shati, tumbo wazi, akacheza. Sechelela akakifungua kilindo.

"Mbona kimepungua?"

"Panya," akasema Nyemo.

Panya wakalaaniwa mpaka vitukuu wao. Sechelela aliua kumi na mmoja kwa mchi kabla ya jua kuzama, na Nyemo akashika taa ya kummulikia kwenye kona zenye giza.

Wakapanda bondeni, ambako ardhi hukaa na unyevu. Mtama ukaota. Ukanyanyuka, ukatoa masuke, ukawa kijani peke yake katika nchi nyekundu. Na kila mwenye mbawa akauona.

Kwelea! Miaka mingine ndege hugawana mashamba ya nchi nzima. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa na shamba moja. Wakaja kama wingu, wakaja kama gunia lililopasuka likamwaga mchanga angani, wakageuka pamoja, wakashuka pamoja. Ndipo Mwaja akasema, "Hawa ni wangu." Akajenga ulingo katikati ya shamba, akapanda na kombeo, debe bovu na koo lake.

"Swaaa! Nendeni kwa mama zenu! Swaaa! Hapa hakuna arusi!"

Akapiga kelele kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama. Siku ya kumi sauti ikakwaruza. Siku ya ishirini ikabaki upepo. Siku ya thelathini alikuwa akipiga debe kwa kichwa cha jembe na kulia kwa hasira, mikono imechubuka, lakini hakushuka. Na ndege wakashindwa. Mtama ukawa mwekundu, mzito, umeinama.

Siku ya limbuko, siku ya kuonja mavuno mapya ambayo kabla yake haonji mtu, Shangazi Mbeleje akafika kwa miguu, fimbo mkononi, na kile kilindo, sasa kitupu, kichwani. Pembeni mwa shamba walisimama watu wa vijiji saba na vibuyu vyao, wanangoja mbegu. Na mashariki mawingu yalikuwa yakikusanyika tena. Mvua ya pili! Watu wakaanza kusukumana.

"Hakuna punje itakayotoka hapa kabla kilindo hakijapata mwenyewe," akasema Shangazi. "Haraka basi, wakaza mwana. Na msifiche kitu. Limbuko halitaki mdomo wenye kitu ndani."

Sechelela akatangulia. "Mimi nilikataa mbuzi. Nilikataa ng'ombe. Niliikatalia damu yangu mwenyewe. Nisingesema hapana, leo mngekuwa mnagombea nini?"

"Kweli!" watu wakapiga kelele.

Mwaja akasogea, sauti yake kama gunzi kavu. "Kilindo kilitoa vibaba vichache. Shamba zima limetoka kooni kwangu. Ningeshuka ulingo siku moja, moja tu, mngelimbua mabua."

"Kweli!" watu wakasema.

"Nyoosha ulimi," akasema Shangazi. Mwaja akaziba mdomo kwa mkono. "Umesikia. Nyoosha." Ulimi ulikuwa na wekundu wa maganda ya mtama.

"Masuke matatu tu, Shangazi. Koo la kupiga kelele lina njaa yake."

"Umekula kabla ya limbuko?"

"Nimekula. Lakini ndege wangekula yote."

Watu wakacheka, wengine wakaguna. Shangazi akamgeukia Nyemo. "Na wewe?"

Nyemo alitazama shamba, kisha watoto wake wanne waliopangana kama vidole. Akinyamaza, hana alichofanya: mwanamke aliyewasha moto bila chungu. Akisema, ni mwizi aliyesema uongo mbele ya mafiga ya mama mkwe wake. Mawingu yalikuwa yamekaribia. Akasema.

Alisema yote. Kinu, samadi, fukusi, ungo, majivu, vibaba viwili, kichuguu ambacho hakikuwapo, panya kumi na mmoja wasio na hatia. "Mtama huu ungekuwa unga siku mvua iliponyesha. Niliiba, ndiyo. Nisingeiba, nisingefungua. Nisingefungua, nisingewaona fukusi."

Safari hii hakuna aliyepiga kelele "Kweli!" Wote wakamtazama Sechelela.

"Ule uji," akasema Sechelela taratibu. "Wa Nyamizi."

"Ndiyo, dada."

"Ulikuwa mbegu."

"Ulikuwa mbegu."

Sechelela akamtazama mwanawe, aliyekuwa amepanda juu ya ulingo anapiga debe. "Ningefika mapema kidogo," akasema, "ningeumwaga." Akajifunika uso kwa kanga. Halafu akaufunua, macho makavu. "Lakini kilindo nilikilinda mimi. Sikidai kwa kumwonea mtu. Nakidai kwa sababu mwakani jua linaweza kurudi, na siku hiyo lazima awepo mtu wa kusema hapana."

"Na lazima awepo mtu wa kuchungulia ndani," akasema Nyemo.

"Na wa kuwafukuza ndege!" akakwaruza Mwaja.

Tone la kwanza likamdondokea Shangazi Mbeleje puani. Akakishika kilindo mbele yake kwa mikono miwili, wanawake watatu wamenyoosha mikono, vijiji saba vimenyanyua vibuyu, na mvua inakuja mbio kupitia mabonde. Akafungua mdomo kutaja jina.

Mimi nanyamaza hapo. Nyinyi mmekula jioni hii, akili zenu zina nguvu. Aliyesema hapana mpaka kwa mwanawe, lakini akawalea fukusi bila kujua. Aliyeiba akasema uongo, akaokoa mtoto na mbegu. Na aliyewashinda ndege wa nchi nzima, akalimbua kabla ya limbuko. Kilindo ni kimoja na shamba ni moja. Semeni upesi, matone yanaanza: je, nani alistahili?