Filamu ya Timbo la Komarock

Wahenga hawakuwa wakizungumzia bahari peke yake waliposema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kazi inayotaka mkono mmoja uliotulia huharibika ikishikwa na mikono mingi, hata kama kila mkono una nia njema. Nasike wa Komarock aliujua ukweli huo kwa machozi, mwaka ule uliofuata mvua za El Nino.

Mvua hizo zilikuwa zimelijaza maji timbo la zamani la mawe nyuma ya mtaa. Ukingoni mwake ilipita njia ya mkato, nyembamba kama utepe, iliyotumiwa na wachuuzi, watoto wa shule na vibarua waliorudi jioni kutoka viwandani. Hapo ndipo Nuradin, mwana wa pekee wa Batulo, alipoteleza magharibi moja karibu na jiwe jeupe, akaopolewa kesho yake akiwa maiti. Wakazi walipomwendea mwenye timbo kumwomba aweke ua, alikana katakata.

"Pale hapapiti mtu," alisema. "Nionyesheni kuwa ni njia ya watu, nami nitajenga."

Nasike alikuwa fundi msaidizi katika studio moja ya filamu mjini. Aliposikia maneno hayo, alisimama mbele ya kamati ya mtaa.

"Nitaazima kamera ya sinema," alieleza. "Nitaiweka mahali pamoja, nipige picha moja kila nikihesabu hadi kumi, tangu mchana mpaka giza liingie. Ikichezwa, ataona siku ikipita mbele ya macho yake: jua linashuka, watu wanamiminika ukingoni kama siafu, giza linawafunika wakiwa bado wanapita. Lakini kamera isisogezwe hata kwa upana wa unywele. Na filamu nitakayopewa ni moja tu."

Kamati ilimpigia makofi hadi viganja vikawasha.

Alhamisi mchana, Nasike aliisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akaikaza. Batulo alifika na chupa ya chai, akanyoosha kidole ng'ambo ya maji.

"Mwanangu aliteleza pale kwenye jiwe, dada. Naomba lionekane."

"Litakuwa katikati kabisa, Mama Nuradin."

Batulo aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nasike akaanza kuhesabu na kubonyeza, kuhesabu na kubonyeza. Wachuuzi walipita na mizigo yao. Kivuli cha ukingo kilianza kutambaa juu ya maji. Kazi ilikuwa ikienda barabara kama maji mferejini.

Ndipo alipotokea Mzee Muasya, mwenyekiti, ndani ya suti ya kijivu, akifuatana na katibu wake Shiundu.

"Binti yangu, mbona umeielekeza huko?" aliuliza Muasya. "Ofisi ya kamati haionekani! Mwenye timbo atajuaje kwamba mtaa huu una uongozi?"

"Mzee, tunaonyesha njia. Tafadhali, nikiigeuza..."

"Kidogo tu," alisema Muasya, na kabla Nasike hajamaliza, mkono mnene ulikuwa umekwisha kuisukuma kamera. Kisha akaenda kusimama mbele ya lenzi, kidole kimenyooka kuelekea majini, tumbo limetangulia. "Sasa piga!"

Nasike alihisi damu ikimchemka kama uji jikoni. Alitamani kupiga ukemi. Lakini Muasya alikuwa rika la babake, na kwao mtu mzima hakemewi. Akabonyeza. Alipopata nafasi aliirudisha kamera, akikisia tu mahali ilipokuwa.

"Iko chini mno," alisema Shiundu, akipinda shingo kama kuku anayechungulia punje. "Wapiga picha wa harusi huinua. Picha ya juu ndiyo yenye heshima." Akalegeza miguu ya stendi bila kuomba ruhusa.

"Katibu, usiguse! Nilisema isisogezwe!"

"Dada, mimi ni katibu. Kamera umeazima wewe, lakini kazi ni ya kamati."

Vijana wawili waliokuwa wakipita wakasimama. "Niaje, sista! Si utupige na sisi moja?" Shiundu akawafukuza, Muasya akawaita warudi ili umati uonekane, na mabishano yakazuka upya. Nasike alipoteza hesabu. Akaanza tena, akaipoteza tena. "Nne, tano..." "Geuza kushoto!" "Sita..." "Kulia, Mwenyekiti, kulia ndiko kwenye mwanga!"

Jua lilizama. Saa aliyoisubiri ikafika: vibarua walianza kumiminika ukingoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakitafuta njia kwa nyayo. Nasike alifungua lenzi taratibu ili inase mwanga uliobaki. Ghafla, mng'ao mkali ulimpiga usoni. Muasya alikuwa ameleta pikapu yake na kuwasha taa.

"Nimekuletea mwanga!" alinguruma kwa fahari.

"Zima, Mzee! Watu wanapita! Zima!"

"Usizime!" alipaza Shiundu. "Isogeze tu gari mbele!"

Waliposikizana, filamu ilikuwa imekwisha.

Jumapili iliyofuata, wakazi walijazana katika ukumbi wa kanisa, shuka nyeupe ikiwa imetundikwa ukutani. Mwenye timbo aliketi mbele. Filamu ilipochezwa, ukingo ulipita kufumba na kufumbua, kabla jicho halijanasa kitu, kisha maji yakaruka kushoto, yakaruka kulia. Likaja tumbo la Mwenyekiti. Ikaja anga tupu. Mwishowe taa za gari, kisha weupe mtupu.

"Nimemwona mwenyekiti," alisema mwenye timbo akivaa kofia. "Nimeona mawingu. Nimeona gari. Njia iko wapi?" Akatoka bila kungoja jibu.

Muasya alimgeukia Shiundu, Shiundu akamgeukia Muasya, wakarushiana lawama hadi wazee wa kanisa wakawatoa nje. Batulo alibaki kitini, akiitazama shuka.

"Dada," aliuliza polepole, "na lile jiwe lilipita saa ngapi? Sikuliona."

"Lilipita kufumba na kufumbua tu, Mama Nuradin," alisema Nasike. "Niliwaacha wanigeuzie kamera. Ningewafukuza wote siku ile, wangenuna, lakini lingeonekana."

Batulo alijifunga mtandio, akaondoka.

Masika yalirudi na ua haukujengwa. Kila magharibi Batulo alisimama ukingoni na taa ya chemli, akiwasihi watoto wazungukie barabarani. Nasike alikwenda kusimama naye, kwa zamu, wawili tu, bila kamati. Na kila alipowaona vibarua wakipapasa gizani, wengi kama siafu, vile vile alivyotaka mwenye timbo awaone, alikiri moyoni kuwa waliosema hawakukosea: manahodha wengi, chombo huenda mrama.