Kanga ya Mwajabu

Hadithi ninayo, hukumu yake sina. Atakayeipata anisaidie na mimi.

Ua mmoja wa Kilosa ulikuwa na watu watatu wenye vipaji. Chausiku, jirani, alikuwa na mkono: akichora kuku, unatafuta mtama wa kumtupia. Siwema, mke wa mtoto wa Bi Mkunde, ajuza wa ua ule, alikuwa na sikio. Neno la Kiingereza likipita mara moja kwenye katuni za watoto, limeshakuwa lake. Kobelo, fundi redio, mtoto wa kaka yake Bi Mkunde, alijua kupanga. Mpe maneno yaliyotawanyika, atakurudishia sentensi iliyonyooka.

Bi Mkunde mwenyewe alikuwa na huzuni tu. Binti yake Mwajabu alifia ughaibuni, akazikwa huko huko. Mkwe akamleta mtoto, Lulu, asiyejua lugha ila Kiingereza, akashindwa kumwambia lililotokea, akarudi alikotoka. Lulu aliamini mama yuko njiani. Kila gari lilipopiga honi alitoka mbio hadi mlangoni, na kila aliporudi, bibi yake alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mtaniuliza, si Siwema angemwambia tu? Angeweza. Lakini katika ukoo ule mtoto aliyefiwa na mama huambiwa na bibi mzaa mama, kwa kinywa chake. Msiba hautumiwi mkalimani. Basi ilimbidi ajuza yule ajifunze Kiingereza, na kichwa chenyewe kilikuwa kikisahau hata chumvi kwenye mboga.

Chausiku alianza. Alichora kuku na kifaranga chake kwenye simu, akawafanya watembee, wadonoe, wanyeshewe na mvua. Mwishowe kuku akalala asiamke. Bi Mkunde, ambaye kitabu kilimtia usingizi, aliitazama katuni ile akalia, na alichokililia hakukisahau tena.

Siwema akatia maneno. Walikaa jikoni, yeye akisimamisha picha na kutaja bawa, mvua, mama, kaburi, na ajuza akirudia huku anachambua mchicha. Pengo la meno lilimsumbua, lakini maneno yakakaa.

Yakakaa yamerundikana kama kuni. Alipojaribu kumwambia Lulu, mtoto alielewa kwamba wanakwenda kwa mama, akavaa viatu, akasimama mlangoni. Bi Mkunde hakuwa na moyo wa kumvua. Kobelo ndiye aliyemvua. Kuanzia hapo Kobelo akaichukua katuni ile, akamwonyesha shangazi yake kuku wa jana, kuku wa leo, na kesho isiyo na kuku, mpaka ajuza akaweza kulisema jambo lililokwisha na jambo ambalo halitakuwa.

Ijumaa asubuhi alimpakata mjukuu wake, wakaitazama katuni pamoja, kisha akamwambia kwa Kiingereza: "Mama yako alikufa. Hatarudi. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi nipo."

Lulu alimtazama mdomo, kisha akalia kilio ambacho ua mzima ulikisikia. Wote watatu walilia naye.

Sasa sandukuni ilibaki kanga moja ya Mwajabu. Kwa desturi yao hupewa aliyesaidia habari ya msiba imfikie mtoto, na anayechukua kanga huchukua na mtoto. Bi Mkunde ni mgonjwa wa kifua. Anajua hana siku nyingi za kuishi na kulea.

Chausiku alisema bila kuku wake ajuza asingejifunza hata neno. Ni kweli, lakini tangu siku ile Lulu akimwona anaficha uso. Siwema alisema bila maneno yake kuku angebaki bubu. Ni kweli, na ni kwake mtoto alikokimbilia akilia. Lakini ni yeye pia aliyekuwa akimtuliza kwa kumwambia mama anakuja kesho. Kobelo, asiye na mke wala mtoto, hakusema mengi.

"Shangazi, mimi ndiye niliyemvua viatu."

"Kanga ningeichana vipande vitatu," Bi Mkunde akawajibu. "Mtoto nitamchanaje?"

Barabarani gari likapiga honi. Lulu, aliyekuwa amelala mapajani mwa bibi yake juu ya kanga ile, alifumbua macho, akasikiliza, akayafumba tena. Hakwenda mlangoni.

Watu watatu wamesimama, wanangoja. Je, ninyi mnaonisikiliza, kanga hii mngemkabidhi nani?